Kocha wa Kambini: Saa Kwanza, Kombe Baadaye

Kama umejitolea kufundisha michezo Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu, Kigoma, utakuta vijana wa Kikongomani waliozaliwa humo humo pamoja na Warundi walioanza kumiminika mwaka 2015. Wapo watakaokuomba mechi ya Kongo na Burundi. Usiwape, hata kama ndiyo itakayojaza uwanja. Gawa timu kwa umri na kimo, na kila wiki uzichanganye upya. Wakongomani wengi wana Kiswahili chao; Mrundi mgeni mpange na mwenzake anayejua Kiswahili na Kirundi, na zoezi ulionyeshe kwa mwili kabla ya kulieleza.

Muhimu kuliko mipira na jezi ni saa. Kambini watu huishi kwa kusubiri: mgao, kibali, usaili wa kuhamia nchi ya tatu, na majibu huja yanapotaka. Basi mazoezi ya Jumanne saa kumi jioni yawe Jumanne saa kumi kweli, na siku ukiumwa awepo msaidizi wanayemfahamu. Epuka siku ya mgao. Wala usiwakimbize mpaka waishiwe nguvu. Chakula chao ni cha kupimwa.

Wasichana hawatakuja kwa tangazo. Saa hizo wako bombani, kwenye kuni, jikoni. Kaa na mama zao mpatane muda, tafuta kocha mwanamke, chagua uwanja ulio karibu na nyumba, anza na rede au netiboli, na uwaruhusu waje na wadogo zao. Mkeka chini ya mti unawatosha hao wadogo. Makocha wengi hukwama hapa, kisha husema wasichana hawapendi michezo.

Kijana akishtushwa na filimbi au kelele akaganda, usimhoji aliona nini vitani. Mkalishe pembeni, mpe kazi ya kuhesabu magoli, arudi akitaka. Hali ikijirudia, zungumza naye faraghani na umpeleke kwa mshauri nasaha.

Watakuuliza habari za Olimpiki. Waambie timu ya wakimbizi ilianza Rio mwaka 2016 ikiwa na wanamichezo 10, watano wakiwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliopitia kambi ya Kakuma, Kenya. Na Paris 2024 Cindy Ngamba akaipatia medali yake ya kwanza, shaba ya ndondi. Ila usimwahidi mtu kwamba atafika huko. Na akitokea wakala anayedai ada ili ampeleke kijana majaribio Ulaya, waite wazazi na uongozi wa kambi kabla shilingi haijatoka mfukoni.