Banda linachuruzika maji

SWALI: Niko Makete. Baridi ya Juni imeanza na nimezungushia banda turubai, lakini kila asubuhi bati linachuruzika maji na kuku wanakoroma. Niwawekee jiko la mkaa?

JIBU: Jiko hapana! Hewa yake inaua, na maranda hushika moto upesi. Kuku mkubwa mwenye manyoya makavu anaistahimili baridi ya huko. Adui yako ni unyevu. Pumzi na kinyesi vinatoa mvuke, turubai linaufungia ndani. Funua juu, chini ya paa, upana wa kiganja; chini pabaki pamezibwa. Zoa maranda yaliyoshikana, hasa kuzunguka chombo cha maji, umwage makavu sentimita 10. Kisha chuchumaa ndani unuse: macho yakiwasha, ongeza uwazi. Wanaokoroma watenge leo, umwite mtaalamu wa mifugo. Huenda ni mafua ya kuku.