Kamera ya Nyuma ya Tela la Kulala: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Ukishafunga tela la kulala nyuma ya pikapu, kioo cha kati hakina kazi tena. Unachokiona humo ni ukuta mweupe. Hata kamera ya gari lenyewe inatazama ukuta huohuo. Sheria ya Marekani inataka kila gari jipya la hadi takriban tani 4.5, lililotengenezwa kuanzia Mei 1, 2018, limwonyeshe dereva eneo la nyuma lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Sheria iliyozaa kanuni hiyo imebeba jina la mtoto wa miaka miwili aliyekanyagwa na gari likirudi nyuma mwaka 2002. Matela hayakuguswa. Kwa hiyo wewe uliyehamia huku, ukanunua tela lako ili wanao waone milima na maziwa, kazi hiyo ni yako, na usiifanye nusunusu. Kamera inayokuonyesha uongo ni hatari kuliko kukosa kamera, maana aliyekosa anashuka kuangalia.

Kagua kwanza kama tela lako limeandaliwa. Simama nyuma, tazama juu, karibu na zile taa tatu nyekundu za katikati. Matela mengi ya miaka ya karibuni yana kifuniko kidogo cha plastiki, na ndani yake waya umeshafikishwa. Ukiukuta, utumie, usitoboe pengine. Ila fahamu kwamba mara nyingi waya huo unapata umeme kutoka taa ndogo za tela. Taa zikizimwa, kamera inakufa. Basi washa taa safari nzima, jua liwe linawaka au la.

Usiamini rangi ya waya. Amini mita. Kwenye plagi ya pini 7 ya matela ya kulala, kijani kwa kawaida ni taa ndogo na kahawia ni indiketa ya kulia. Kwenye plagi ya pini 4 ya matela madogo mambo yamegeuka: kahawia ndiyo taa ndogo, kijani ndiyo indiketa ya kulia. Aliyejifunza kwenye tela dogo akienda kwenye kubwa kwa mazoea ataiunga kamera kwenye indiketa, na picha itakuja na kupotea kila anapokata kona. Mweke mtu kwenye usukani, awashe taa moja baada ya nyingine, wewe upime kila waya na kuuandika kwa tepu kabla hujashika koleo.

Usiguse waya wa buluu. Huo ni wa breki za umeme za tela. Hauna mjadala.

Usichukue moto wa kudumu kwenye betri ya tela bila swichi. Kamera inakula umeme kidogo, ni kweli, lakini tela linaweza kukaa uani wiki sita bila kuguswa. Tena ile betri haipo kwa ajili ya taa za jikoni tu. Tela likichomoka barabarani, kamba nyembamba iliyofungwa kwenye gari inavuta pini ya swichi ya dharura, na ni betri hiyohiyo inayokamata breki za tela. Ukiimaliza kwa sababu ya kamera, umewavua kinga watu wote walio nyuma yako. Wala usiunge kwenye waya wa taa ya rivasi peke yake: kamera hii unaihitaji zaidi kwenye barabara kuu, unapotaka kuhama njia na hujui kuna nani nyuma ya ukuta wako.

Weka fyuzi ndogo, ampea 3 inatosha, karibu kabisa na pale ulipochukua umeme. Isiwe mwisho wa waya, kwenye kamera.

Usiunge waya kwa vile vibanio vya plastiki vinavyochoma ganda. Maji ya barabarani na chumvi inayomwagwa wakati wa theluji huingia ndani yake, shaba ikageuka kijani, na kamera ikaanza kuwaka inapotaka. Tumia viungio vya kubana vyenye ganda la kusinyaa kwa moto na gundi ndani. Utaona gundi ikichuruzika pembeni ukikipasha joto. Isipochuruzika, rudia.

Usitoboe kabla ya kujua nyuma ya ukuta kuna nini. Hapa nakuomba usome polepole. Ukuta wa tela si ukuta wa nyumba. Matela mengi yana fibaglasi nyembamba kwa nje, plaiwudi nyembamba kama daftari, povu, na mabomba ya alumini machache yanayobeba kila kitu. Skrubu isiyokamata bomba imekamata hewa.

Rafiki yangu mmoja alifungiwa kamera na fundi ambaye simtaji: skrubu nne, silikoni ikapakwa juu, akalipwa. Baridi mbili zikapita. Aliponiita, kamera ilikuwa inatikisika. Nikaivuta skrubu ya kwanza kwa vidole, ikatoka bila bisbisi, imevaa kutu hadi nchani. Nikabonyeza ukuta chini yake kwa dole gumba, ukaingia. Tulipokata fibaglasi, plaiwudi ilitoka kama mkate uliomwagikiwa chai, nyeusi, inanuka ukungu, na uozo umeshuka hadi usawa wa dirisha. Godoro la mtoto lilikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Tundu lenyewe halikuzidi upana wa penseli.

Kwa hiyo ziba hivi. Laza tepu ya butili chini ya kishikizo chote kabla ya kukikaza, hadi ibenuke pembeni. Kila skrubu ipite ndani ya butili. Waya ushuke kwanza chini ya tundu, ndipo upande kuingia, ili tone la mvua lidondokee nje. Kama unalazimika kupita kwenye paa, uliza kwanza paa lako ni la mpira wa EPDM au la TPO, ununue kizibo kinacholifaa. Usipake silikoni: kwenye mpira huo haishiki vizuri, na ikishapakwa, hata kizibo sahihi hakitashika juu yake. Kisha kagua kila msimu, kwa mkono na kwa jicho.

Usinunue kamera isiyo na waya kwa kusoma bei tu. Mawimbi yanapaswa kuvuka urefu wa tela, pengine mita 9, friji, jiko, fremu ya alumini na kabini ya gari. Zile za analogi hukwaruza picha mjini. Zinazotuma picha kwenye simu kwa Wi-Fi ziache kabisa: picha inachelewa, na simu ikipigwa unabaki kipofu. Chukua ya dijitali, na ikibidi sogeza antena mbele ya tela. Ukichagua ya waya, tumia waya wa msokoto kati ya gari na tela, kisha kata kona kali kuliko zote uwezazo uwanjani huku mtu akitazama: usikazike, usiburuze lami.

Pima kulia na kushoto kwa ndoo. Mtu asimame nyuma ya tela, upande wa kulia wa dereva, ndoo nyekundu mkononi. Kwenye skrini ndoo iwe kulia, kama kwenye kioo. Ikiwa kushoto, picha haijageuzwa. Tafuta mpangilio huo, na usitoke uani kabla haujarekebishwa.

Zima mistari ya rangi iliyokuja na skrini. Mingi imepangwa kwa gari dogo lenye kamera karibu na ardhi. Yako iko karibu mita 3 juu. Weka ndoo zako mita 1, 2 na 3 kutoka bampa, ubandike alama zako mwenyewe kwenye skrini. Na kumbuka lenzi pana husogeza vitu mbali: lori linaloonekana dogo liko karibu.

Pima upya kimo cha tela. Majimbo mengi yanaishia mita 4.11, na kamera juu ya paa inahesabiwa.

Usielekeze taa za infraredi kwenye ngazi au gurudumu la akiba. Usiku utaona weupe mtupu. Na futa lenzi kila unapojaza mafuta.

Usirudi nyuma kwa kamera peke yake, kamwe. Haioni tawi lililo juu yake, wala pembe ya mbele ya tela inayojikunja kuelekea pikapu. Madereva wa malori huku hufundishwa kushuka na kutazama; nawe shuka, zunguka tela lote, hesabu watoto wa kambi ya jirani na wa kwako. Mweke mtu mzima wa kukuelekeza, mkubaliane ishara ya kusimama kabla hujawasha injini. Ukimpoteza kwenye kioo na kwenye skrini, kanyaga breki, weka gia ya kuegesha, vuta breki ya mkono, ufungue mlango.