Nianzeje kusoma Biblia kila siku?

Swali: Nimebatizwa karibuni hapa Mbeya. Nilianza na Mwanzo, nikakwama Walawi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, kukwama Walawi si dalili ya imani haba, ulijitwika mzigo mzito mno. Wamoravian, waliofungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, wana desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, na kutolewa kwanza kama kitabu kwa ajili ya mwaka 1731: mstari mfupi wa Maandiko kwa kila siku. Imedumu karibu miaka 300, na naamini kilichoidumisha ni ufupi wake, maana hata mkulima anayewahi shambani anaumudu. Utasema mstari uliong'olewa mahali pake hupotosha. Ni kweli kabisa, ndiyo maana nakushauri usome kitabu kizima, ila kidogo kidogo. Injili ya Marko ina sura 16. Nusu sura kwa siku, unaimaliza kwa mwezi mmoja hivi. Ukikosa siku, usijilimbikizie deni, endelea ulipoishia. Asubuhi za baridi za Mbeya na Iringa, uji ukiwa bado jikoni unatokota, Biblia iwe tayari mezani, imefunguliwa tangu usiku. Walawi utairudia baadaye. Kesho anza na Marko 1, mstari wa 1 hadi wa 20.