SOMO: NANI ANAMTUNZA MZEE WETU?

Kusoma: Yoane 19:25-27, Marko 7:9-13

Mama mmoja mzee aliletwa hospitali juu ya kipoyi. Watoto wake wanne walikuja naye, na wajukuu wengi. Tulipomgeuza tukaona kidonda chini ya mgongo, kimefika mfupani. Niliuliza, "Nani alimwosha jana?" Kaka akamtazama dada, dada akamtazama bibi wa kaka yake. Kila mmoja alidhani mwingine amemwosha. Walimpenda mama yao. Hawakupanga kazi, basi.

Ndugu wapenzi, katika miji mingine na katika nchi za Ulaya kuna nyumba za kutunzia wazee. Kwetu Pinga mzee anatunzwa nyumbani, karibu na wajukuu wake. Ni jambo jema. Lakini mzee wa watu wote anaweza kuwa mzee asiye na mtu.

Yesu msalabani hakumwacha mama yake kwa watu wote. Alimtia mikononi mwa mwanafunzi mmoja, naye akampeleka kwake. Tena aliwakemea watu waliotoa mali yao kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi. Usitulie kwa sababu ya sadaka yako kanisani, kama baba yako analala na njaa. Hata Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao.

1. Gawanyeni kazi.
Kaeni pamoja na mzee mwenyewe, mumwulize anataka nini. Chagueni mtu mmoja wa kusimamia. Kisha semeni kwa majina: nani analeta maji na kuni, nani ananunua sabuni na dawa, nani analala karibu naye usiku. Msimwachie bibi mmoja wa nyumba mzigo wote. Kila juma mtu mwingine ampumzishe.

2. Kazi ya kila siku.
Mwosheni, mkausheni vizuri. Kama hawezi kujigeuza, mgeuzeni kila saa 2, mchana na usiku. Tazameni visigino, nyonga na chini ya mgongo. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana; gusa kwa mkono. Mahali penye moto au pagumu kuliko pengine, kidonda kinaanza. Usipasugue. Asilalie hapo tena, na uje kwa mwuguzi.
Akila, aketi wima. Mpeni uji, maharagi laini, ndizi zilizopondwa, yai likipatikana. Mpeni maji mara kwa mara, kwani mzee hasikii kiu sana. Ondoeni vitu vinavyoweza kumwangusha njiani, wala msimwache peke yake karibu na moto.

3. Msiseme, "Ni uzee tu."
Kama jana alisema vizuri na leo amechanganyikiwa, huo ni ugonjwa. Pengine ni malaria. Vilevile kama ana homa, anakataa chakula, ameanguka, au mdomo umepinda na mkono umelegea. Mleteni siku ileile.

4. Siku ya kukimbia.
Mwaka 2012 na 2013 mapigano yaliwakimbiza watu wengi wa Pinga. Mwezi wa 8 mwaka 2013 hata waganga wa Médecins Sans Frontières waliondoka, kwa ajili ya vitisho. Siku kama ile hakuna nafasi ya kubishana. Amueni leo: nani atambeba mzee? Kipoyi kiko wapi? Nani atachukua dawa na blanketi yake?

Maswali
1. Katika nyumba yako, jina la msimamizi ni nani?
2. Nani anampumzisha?
3. Je, katika kanisa lenu kuna mzee asiye na mtoto? Wazee wa kanisa wamemtia mikononi mwa nani?

Ukishindwa kujibu swali moja, usingoje Jumapili. Waite ndugu zako jioni hii.