Anayemuuguza mzee naye ana haki

FAMILIA nyingi zenye asili ya Kanazi, Bukoba Vijijini, zimetawanyika. Watoto wako Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Mama mzee amebaki kwenye kibanja na binti mmoja. Mama akianza kusahau, akauliza jambo moja mara kumi, akatoka usiku akidai anarudi kwao, mzigo wote humwangukia binti yule. Wa mjini hutuma fedha kwa simu na kuona wamekwishatimiza wajibu. Je, wametimiza?

Kwanza tuyaelewe maradhi yenyewe. Mzee kupotewa na kumbukumbu hadi ashindwe kujihudumia si uchawi wala ukaidi. Ni ugonjwa wa ubongo. Utafiti wa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Qur'an Tukufu (16:70) nayo imetaja wanaofikishwa umri wa udhaifu hadi wasijue waliyoyajua. Hata hivyo, mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, apelekwe hospitali haraka. Huenda ni malaria, maambukizi mengine au dawa anazotumia, na hayo yanatibika.

Pili, tumtazame anayeuguza. Maradhi haya hudumu miaka. Dalili za kuchoka kupita kiasi ni usingizi kukatika, hasira za mara kwa mara, kujitenga na watu, na kumkaripia mgonjwa kisha kujuta. Aya ya 17:23 imekataza hata neno dogo la kuonesha kuchoshwa na wazazi. Lakini amri hiyo ni ya watoto wote, si ya yule mmoja aliyebaki nyumbani. Mkimwacha peke yake mpaka neno hilo likamtoka, nanyi mna sehemu katika kosa.

Salman al-Farisi alimkumbusha Abu Dardaa, aliyekuwa akijichosha kwa ibada, kuwa nafsi na familia vina haki juu yake, Mtume (s.a.w.) akathibitisha. Ikiwa ibada ina mipaka hiyo, kuuguza je?

Basi familia ikae kikao. Kila mtoto apange likizo yake, aende Kanazi na kushika zamu, binti alale na kutoka. Sehemu ya fedha imlipe msaidizi wa usiku. Akina mama wa msikitini wakae na mgonjwa saa chache kila wiki. Na binti asibishane naye: akisali Adhuhuri mara ya tatu, amwache. Sheria haimkalifishi aliyepotewa na akili, na ubishi huchosha kuliko kazi yenyewe.

Ndugu msomaji, ukituma fedha wiki hii, mpigie pia dada yako. Usiishie kuuliza hali ya mama. Muulize yeye amelala saa ngapi, kisha mtajie tarehe utakayokwenda kumpokea zamu.