SOMO LA WIKI: Ruta ya bei rahisi na ruta iliyo rahisi kutunza

Katika masoko ya Tanga neno "rahisi" lina maana mbili. Bidhaa ya bei ndogo ni rahisi, na kazi isiyo na taabu nayo ni rahisi. Wafanyabiashara wengi wanaonunua mitambo ya mtandao kwa ajili ya duka, ofisi au nyumba huulizia maana ya kwanza tu. Somo la wiki hii linahusu maana ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama fedha iliyowekwa katika mitambo hiyo itarudi au itaishia mikononi mwa mafundi.

Zamani suala hili halikuwa na uzito. Hadi 2009 nchi ilitegemea zaidi setilaiti kwa intaneti ya nje, na huduma ilikuwa ghali na ya taratibu. Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Mkongo wa taifa ukachukua mawasiliano hayo kwa nchi kavu hadi mikoani, Tanga ikiwemo. Leo mwenye duka la jumla Ngamiani anaagiza mzigo, anatuma ankara, anawasilisha ritani TRA na kutazama stoo yake kwa kamera kupitia ruta moja iliyotundikwa ukutani. Ruta hiyo ikisimama, sehemu ya biashara inasimama.

Mahitaji kwanza, dukani baadaye

Kosa la kwanza ni kwenda dukani bila orodha. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ahesabu vitu vitakavyotumia mtandao kwa wakati mmoja: kompyuta, simu za wahudumu, printa, kamera. Duka la kawaida halizidi vitu kumi. Nyumba yenye watoto wa shule na televisheni inaweza kufika kumi na tano.

Kwa kiasi hicho, ruta moja ya kisasa inatosha. Ndani ya kasha moja ipo sehemu ya kupokea intaneti, sehemu ya kuigawa kwa waya, na sehemu ya kuirusha hewani. Ikiwa matundu ya waya hayatoshi, huongezwa swichi ndogo ya matundu matano au manane. Hapa ndipo wengi huuziwa wasichokihitaji. Swichi ziko za aina mbili: ile ya kuchomeka tu ikafanya kazi, na ile inayohitaji kupangwa na mtaalamu. Ya pili ina faida kubwa katika benki, hospitali au chuo. Kwa duka la vipuri inaongeza bei, na inaongeza mlango mwingine wa kuharibikiwa.

Vivyo hivyo kwa ruta zenyewe. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya mafundi wa mitandao, zenye mamia ya vipengele vya kurekebisha. Ni mitambo mizuri, lakini inamtaka mtu anayeijua. Mwenye duka asiye na fundi wa kudumu atafute ile inayopangwa kwa programu ya simu, ambayo inamwonyesha kwa ukurasa mmoja nani ameunganishwa, laini iko hewani au la, na inamruhusu kubadili neno la siri bila kumwita mtu.

Umeme, radi na hewa ya bahari

Mitambo mingi hutengenezwa kwa mazingira ya ofisi zenye hewa kavu na umeme tulivu. Pwani ya Tanga haina sifa hizo. Kuanzia Pangani hadi mpakani Horohoro kuna joto, unyevu na chumvi ya bahari. Chumvi hula vichwa vya nyaya na matundu ya shaba, na dalili yake ni mtandao unaokatika na kurudi bila sababu. Ruta isiwekwe kwenye dirisha linalotazama bahari, wala ndani ya kabati lililofungwa. Mahali pazuri ni ukutani, juu ya kimo cha mtu, panapopita hewa.

Radi za masika ni hatari nyingine, na vuli nayo ina zake. Radi haihitaji kuipiga nyumba ili kuharibu kifaa. Inaweza kuingia kwa waya wa umeme au kwa waya wa shaba uliotoka kwenye antena ya paani. Kinga ya umeme ya kuchomeka ukutani husaidia kwa umeme unaopanda ghafla, lakini kinga kamili wakati wa ngurumo ni kuchomoa nyaya zote mbili. Waya wa nyuzi za kioo, maarufu kama faiba, haupitishi umeme, na hiyo ni faida yake mojawapo ambayo wauzaji hawaitaji mara nyingi.

Umeme ukikatika, ruta haihitaji jenereta. Nyingi hutumia volti 12 na wati zisizozidi 12. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, yenye chaja yake, inaweza kuihudumia kwa saa nne hivi. Mnunuzi asome maandishi yaliyo kwenye adapta: ruta ya volti 12 ni rahisi kuitafutia betri, na adapta yake ikiungua nyingine hupatikana kwa urahisi. Yenye volti za ajabu itamfanya mwenyewe asubiri mzigo kutoka Dar es Salaam.

Unene wa kuta

Nyumba za zamani za pwani zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Mawimbi ya ruta hupungua sana yanapozipita. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi lakini yana kasi ndogo. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hayafiki mbali. Ruta yenye yote mawili chini ya jina moja humwondolea mtumiaji kazi ya kuchagua.

Duka likiwa mbele na stoo nyuma ya kuta mbili, kununua ruta yenye antena nyingi si dawa ya uhakika. Mara nyingi dawa ni kuvuta waya hadi stoo na kuweka kituo cha pili huko. Waya wa kawaida wa mtandao unafanya kazi hadi mita 100. Mnunuzi aulize kama ni wa shaba tupu. Upo wa alumini uliopakwa shaba, ambao bei yake ni ndogo na hukatika mapema, hasa kwenye viungo na penye unyevu.

Nani ameshika ufunguo?

Ruta ina maneno ya siri mawili. La kwanza ni la kujiunga hewani, ambalo kila mhudumu analijua. La pili ni la kuingia ndani ya mtambo na kuubadili. Katika maduka mengi hili la pili linajulikana na fundi peke yake, au limebaki lile la kiwandani ambalo mtu yeyote anaweza kulikisia. Hali zote mbili ni mbaya. Fundi akihama mji, mwenye mali hawezi kurekebisha mali yake. Na lile la kiwandani likibaki, mgeni anaweza kuingia.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2018 wachunguzi wa usalama wa mitandao waligundua programu haribifu iliyoitwa VPNFilter, ikiwa imeingia katika mitambo isiyopungua 500,000 kwenye nchi 54. Mingi ilikuwa ruta ndogo za nyumbani na za ofisi. Kwa hiyo, kati ya ruta mbili za bei sawa, ile inayojipakia marekebisho ya mtengenezaji yenyewe usiku ndiyo bora. Yenye ulinzi wa WPA3, au angalau WPA2, ikubaliwe. Yenye WEP peke yake ni mali ya kale na isinunuliwe hata kwa bei ya bure.

Wateja wanaoomba intaneti wapewe mtandao wa wageni. Ruta nyingi za kawaida zinao. Mteja anapata huduma, lakini hafiki kwenye kompyuta yenye hesabu za duka.

Jambo jingine linalosahaulika ni laini. Tangu 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Laini iliyo ndani ya ruta isajiliwe kwa jina la mwenye biashara au la biashara yenyewe. Ikiwa kwa jina la karani, siku anayoacha kazi anaweza kuondoka na mtandao wa duka.

Njia ya akiba

Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Hakuna ruta inayoweza kuunganisha waya uliokatika baharini. Hata hivyo kampuni zinazotumia nyaya tofauti haziathiriki kwa kiwango kimoja, na hitilafu nyingi za kila wiki ni za hapa hapa: nguzo imeanguka, waya umekatwa na wachimba mtaro, mnara umezimika. Ruta inayopokea waya na pia laini ya simu, na inayohama yenyewe kutoka njia moja hadi nyingine, inafaa bei ya ziada. Laini hiyo iwe ya kampuni tofauti na ile ya waya. Mnunuzi aulize wazi kama ruta imefungwa kwa kampuni moja au inakubali laini zote.

Hesabu ya miaka miwili

Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Kila mmoja aweke zake. Duka A limenunua ruta iliyotumika kwa shilingi 60,000. Inasumbua mara sita kwa mwaka. Kila mara fundi analipwa 20,000, na nusu siku bila mtandao inapoteza faida ya 15,000. Duka B limenunua ruta mpya iliyo rahisi kutunza kwa 180,000. Inasumbua mara moja kwa mwaka kwa gharama zilezile.

Mwisho wa mwaka wa kwanza A limetumia 270,000 na B 215,000. Mwisho wa mwaka wa pili A limefika 480,000 na B 250,000. Tofauti ya 230,000 ni zaidi ya bei ya ruta mpya ya B. Aliyeokoa 120,000 siku ya kununua amezirudisha zote, na nyingine juu yake.

Hesabu hii ina upande wa pili. Ikiwa nyumba inatumia mtandao kwa simu mbili na hakuna biashara inayosimama, hasara ya kukatika ni ndogo, na ruta ya bei ya chini inaweza kuwa uamuzi sahihi.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi atakuwa amejikinga kwa kiasi kikubwa akifanya mambo sita haya dukani:

1. Ahakikishe kifaa ni cha aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.
2. Adai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Bila risiti dhamana haina mguu wa kusimamia.
3. Aombe muuzaji akiwashe na kubadili neno la siri mbele yake. Muuzaji akishindwa, mhudumu wa duka naye atashindwa.
4. Asome volti za adapta na kuuliza kama adapta nyingine inapatikana Tanga.
5. Aulize ni nani atakayepokea kifaa kikiharibika ndani ya dhamana, na wapi.
6. Aandike kwenye daftari maneno yote ya siri, namba ya laini, tarehe ya kununua na namba ya huduma kwa wateja, na daftari likae pamoja na leseni ya biashara.

Baada ya kufunga mitambo lipo jaribio moja la mwisho. Mwenye duka aizime ruta, kisha amwombe mhudumu asiye fundi aiwashe na kurudisha mtandao kwa kufuata daftari peke yake. Akifaulu bila kupiga simu kwa fundi, mitambo hiyo ni rahisi kwa maana ya pili. Akishindwa, kasha lirudishwe dukani dhamana ikiwa bado hai.