Dawa karibu na jiko: mimea ya dawa ndani ya msitu wa chakula



Hapa kwetu Nyunzu, mama anayetafuta majani au gamba la dawa anatembea mbali kuliko zamani. Pori la karibu limekatwa juu ya mashamba na makala. Ile miti iliyobaki, watu wanaibandua gamba pande zote mpaka inakauka. Na mzee akikosa mti, ujuzi wake nao unapotea. Basi tulete dawa shambani, ikae pamoja na chakula.

Msitu wa chakula ni nini?

Ni shamba lenye mimea ya urefu mbalimbali. Juu kuna miembe, miavoka na migazi. Katikati kuna migomba na mipapai. Chini kuna maharagwe na matembele. Kila ngazi iko na nafasi ya dawa.

Tupande wapi?

- Tangawizi na manjano: chini ya migomba, kwenye kivuli kidogo na udongo wenye mboji. Panda mvua ikianza, vuna baada ya miezi 8 hadi 10, majani yakikauka.
- Mchaichai: penye jua, pembeni ya shamba. Kwenye mteremko, panda mistari ya kukingama, sentimita 60 kati ya mashina. Unashika udongo usichukuliwe na maji.
- Moringa: penye jua. Ukifika mita 1, kata ncha ili utoe matawi mengi. Majani yake ni mboga pia.
- Mwarobaini: mpakani, kwa sababu unakuwa mkubwa na kuziba mwanga.
- Miti ya porini: waulize wazee, na ndugu zetu Batwa, mbegu zinapatikana wapi na zinaota namna gani.

Kuvuna bila kuua

Usibandue gamba kuzunguka shina lote. Chakula kinachotoka kwenye majani kinashuka ndani ya gamba. Njia ikikatika pande zote, mizizi inakufa njaa. Kama majani yanafanya kazi ileile, chuma majani, lakini usimalize tawi. Yaanike kivulini penye hewa. Yakivunjika mkononi, yaweke ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, uandike jina na tarehe.

Mpaka wa dawa zetu

Chai ya tangawizi inasaidia kichefuchefu, lakini haiponyi malaria. Wengi wanauliza juu ya artemisia. Ni kweli, dawa kubwa ya malaria ilitoka ndani ya mmea huo, na Tu Youyou wa China alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Lakini mwaka 2019 OMS ilisema haikubali chai yake: kipimo cha dawa ndani ya majani hakilingani, na dawa kidogo inafundisha vijidudu kuizoea. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku ileile. Usimnyweshe mafuta ya mwarobaini, ni sumu kwake. Mama mwenye mimba amuulize muuguzi kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja miti 3 ya dawa iliyokuwa karibu na kijiji. Leo tunaifuata wapi?
2. Nani kati yetu anajua kuotesha mbegu zake?
3. Kila memba atapanda mti gani kabla ya kiangazi, na nani atamwagilia?